Pentium E2160 mwaka mzima Pemba: kasi ya kusi na kasi ya kaskazi

Prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel iitwayo Pentium Dual-Core E2160 ilitoka mwaka 2007, ikiwa miongoni mwa zile za bei ya chini katika ukoo wake. Yangu niliinunua Darajani, Unguja, kwa fundi aliyekuwa ameiweka katika kopo moja na skrubu. Aliponiona naifuta kwa pindo la shati aliniuliza, "Hii, shekhe, ya kufanyia kazi au ya kuchezea?" Nilipomjibu kuwa ni ya kuchezea, bei ilishuka kutoka shilingi 15,000 hadi 12,000. Nimekaa nayo Wete mwaka mzima, na swali ninalotaka kulijibu hapa ni kiasi gani inaweza kuvuka kasi iliyopangiwa kiwandani ikiwa ndani ya nyumba isiyo na kiyoyozi.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa kuovakloki, kasi ya prosesa hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya saa yanayotoka kwenye ubao mama, na kizidishi kilichofungwa ndani ya prosesa yenyewe. E2160 ina mapigo ya megahezi 200 na kizidishi cha 9, ndiyo maana huandikwa gigahezi 1.8. Kizidishi hicho hakipandi, lakini mapigo huweza kupandishwa kupitia BIOS, programu ya mipangilio iliyomo ndani ya ubao mama. Ukiyafikisha 266 unapata 2.4, ambayo ndiyo kasi ya Core 2 Duo E6600 iliyouzwa dola 316 ilipotoka mwaka 2006, na ukiyafikisha 333 unapata 3.0. Ni njia ile ile iliyoipa sifa Celeron 300A mwaka 1998, ambayo watu wengi waliitoa megahezi 300 wakaifikisha 450 kwa kubadili mapigo tu, kutoka 66 hadi 100. Hata hivyo mnunuzi asijidanganye, kwa kuwa E6600 ina kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 4 na hii ina moja tu, na upungufu huo hauzibwi na mapigo.

Ubao mama ni nusu ya ununuzi. Mbao nyingi za kompyuta za ofisini zinazoletwa kwetu kama mitumba zina BIOS isiyoonyesha chochote zaidi ya tarehe na mpangilio wa diski, na juu yake prosesa hii itabaki 1.8 hadi ife. Mimi nilipata ubao wenye chipuseti (chipu inayoiunganisha prosesa na vifaa vingine) ya P35, iliyotengenezwa tangu mwanzo kubeba mapigo ya 333, kwa hiyo hata katika kasi ya juu kabisa niliyoijaribu ni prosesa peke yake iliyokuwa inasukumwa. RAM yangu ya DDR2-800, yaani ya kasi ya 800, niliiwekea uwiano unaoiendesha kwa 667, na PCI Express, njia ya kadi za ziada, nikaifunga kwenye 100 ili vifaa vingine visiburuzwe pamoja na prosesa.

Majaribio nilianza Julai, kusi ikivuma, na kipimajoto cha chumbani kikisoma nyuzijoto 26 usiku. Gigahezi 2.4 ilipatikana bila kugusa volti, jambo lililonishangaza kidogo. Kwa 3.0 nililazimika kuitoa volti 1.25 na kuifikisha 1.40, kisha nikaiacha programu ya Prime95, inayoipa prosesa hesabu nzito mfululizo, iitese usiku kucha. Asubuhi ilikuwa bado inahesabu bila kosa, na Core Temp, programu ya kupima joto la prosesa, ikionyesha kuwa haikuvuka nyuzi 68. Faili ambalo programu ya 7-Zip ililibana kwa dakika 9 katika kasi ya kiwandani sasa lilibanwa kwa dakika 5 na sekunde 40. Nilijiona fundi mkubwa.

Februari ilinirudisha chini. Kaskazi ilipokaza, chumba kilifika nyuzi 33 mchana, prosesa ikapanda hadi 79, na Prime95 ikatoa kosa katika dakika ya arobaini. Siku mbili baadaye skrini ya buluu ilinitokea nikiwa nafanya kazi ndogo tu ya kuhariri picha. Sababu yake si fumbo. Joto analolitoa mnyama huyu hukua pamoja na kasi, lakini kwa upande wa volti hukua kwa kipeo cha pili, hivyo kutoka 1.8 kwa volti 1.25 hadi 3.0 kwa volti 1.40 ni takriban mara mbili ya joto la mwanzo, na feni haiwezi kamwe kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoivuta. Kwa hiyo nilirudi kwenye mapigo 300, yaani gigahezi 2.7, kwa volti 1.30. Hapo haijanitilia kosa hata moja, si kaskazi wala masika, na faili lile lile hubanwa kwa dakika 6 na robo. Hiyo ndiyo kasi ninayoiandika kuwa ya kweli kwa prosesa hii huku kwetu, 3.0 ni ya kusi.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Mapezi ya kipozeo hushika vumbi lenye chumvi, na nilipokisafisha na kubadilisha pesti ya kupitishia joto mwezi Machi, nyuzi nne zilipungua papo hapo. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, ubao wangu hurudi wenyewe kwenye mipangilio ya kiwandani, jambo ambalo ni usumbufu tu, si hasara.

Kama kompyuta ya kila siku siipendekezi. Inaandika barua, inafungua kurasa na inacheza muziki, lakini haina maagizo ya SSE4.2 (amri za ziada zinazojengwa ndani ya prosesa) ambayo Windows 11 ya toleo la 24H2 inayadai, na hakuna mapigo yatakayoifundisha. Yangu inatumia Linux. Kama kitu cha kujifunzia, kwa shilingi 12,000 sijaona cha kuishinda, maana hata ukiiunguza umepoteza bei ya samaki wa siku mbili.

Mwenye ubao wa P35 wenye BIOS mpya ningemwambia atafute kwanza E5200 ya mwaka 2008, ambayo imetengenezwa kwa teknolojia ndogo zaidi, ya nanomita 45 badala ya 65, na ina kizidishi cha 12.5, hivyo mapigo 266 tu huifikisha 3.3. Fundi wa Darajani ameniambia anayo moja. Nimemwomba aniwekee hadi Januari, ili mara hii nianze kuipima na kaskazi.