Mbio za Istabraq katika banda la video Mwanjelwa
Banda moja la video hapa Mwanjelwa, Mbeya, ambalo kwa kawaida huonyesha mpira, limeanza kuonyesha mbio za zamani za Istabraq, farasi aliyefunzwa na Aidan O'Brien nchini Ireland na kushinda Champion Hurdle, mbio za kuruka viunzi za Cheltenham, Uingereza, mwaka 1998, 1999 na 2000. Picha ni safi: unamwona mpanda farasi wake, Charlie Swan, akijikunja shingoni mwa farasi kila wanapokikaribia kiunzi. Mtangazaji, ambaye kwa maoni yangu anastahili kiingilio peke yake, alieleza kwamba mashindano ya 2001 yalifutwa kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo, na wafugaji waliokuwamo walilielewa hilo upesi. Spika zinakoroma, na umeme ulipokatika katikati ya mbio za 2002, ambazo Istabraq hakuzimaliza, hatukurudishiwa hata nusu ya kiingilio.