Wiki tisa kwenye trela mbele ya nyumba yangu mwenyewe

Kina dada wa hapa Dallas wameniuliza mara nyingi kama hizi nyumba za magurudumu zinafaa kuishi, si kwa matembezi ya wikendi tu. Naandika hapa mara moja niwe nimemaliza. Nililala kwenye trela kuanzia Aprili 9, 2020 hadi katikati ya Juni, wakati wa korona, na trela lenyewe halikusogea hata hatua moja. Lilisimama mbele ya gereji yangu, mume na watoto wako ndani ya nyumba, mimi niko nje. Nalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Ile nusu ni ya dirisha, nitaieleza.

Mimi ni muuguzi, zamu ya usiku. Wodi yetu iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona mwishoni mwa Machi, siku chache baada ya amri ya Kaunti ya Dallas ya kukaa majumbani, iliyoanza usiku wa Machi 23. Barakoa ya N95 tulikuwa tukiitia kwenye mfuko wa karatasi ulioandikwa jina, tukaivaa tena zamu inayofuata. Nyumbani kuna mavyaa wangu, ana sukari na presha. Unarudi kwa moyo gani? Siku za mwanzo nilijilalia gereji kwenye godoro la kujazwa upepo, na kila ikifika adhuhuri upepo umeisha, mgongo uko kwenye saruji.

Wazo la trela nililipata kazini. Machi hiyohiyo, hapa Texas, Emily Phillips, ambaye mumewe ni daktari wa idara ya dharura, aliomba kwenye Facebook aazimwe RV, yaani nyumba ya magurudumu, ili mumewe ajitenge. Ombi lile likazaa kundi la RVs 4 MDs, likawa linawakutanisha watu wenye RV zilizokaa bure na wahudumu wa afya wanaozihitaji. Mimi sikufika hata huko. Mwenzangu mmoja wa wodini ana baba mkwe mstaafu mwenye trela, na mbuga za jimbo zilikuwa ndiyo kwanza zimefungwa, Aprili 7, kwa hivyo mzee hana pa kulipeleka. Alilivuta kwa pikapu yake, akaliweka sawa kwa pima maji, akanionyesha kila kitu kwa ncha ya mwavuli kutoka mita mbili, akaenda zake. Hakutaka hata senti.

Kwa asiyezijua, RV ziko zenye injini yake zenyewe, na ziko za kuvutwa. Hili ni la kuvutwa, futi 21, yaani kama mita 6 na nusu. Mwisho mmoja kitanda, mwisho wa pili meza yenye viti vya kukabiliana, na katikati jiko la gesi la pleti mbili, sinki, friji, na chumba cha choo na bafu ambacho ukigeuka kwa haraka kiwiko chako kinafungua bomba. Pahali pa kuswali palikuwa mahali pamoja tu, kati ya jiko na meza, na kibla cha huku ni kaskazini-mashariki, kwa hivyo nilisimama mshazari na nikisujudu paji la uso linakaribia mlango wa friji. Ilibidi nizoee.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili: nilidhani tatizo langu litakuwa upweke na kukosa la kufanya. Kumbe trela lina kazi zake, na kazi hizo ndizo zilizokula saa zangu za mapumziko.

Umeme kwanza. Trela kama hili limeundwa kwa soketi ya ampea 30. Soketi ya kawaida ya ukutani gerejini ni ampea 15, nusu yake. Kiyoyozi peke yake kinakaribia kuimaliza. Siku ya pili niliwasha kiyoyozi, nikatia wali kwenye maikrowevu, swichi ya kinga ikakatika, na ndani ya nyumba mume wangu akapotelewa na mashine ya kufulia iliyokuwa kwenye laini hiyohiyo. Akanitazama dirishani kama mtu anayemtazama mpangaji msumbufu. Baadaye tulipanga: mashine ya kufua haigusi laini yangu mchana ninapolala, friji naigeuza itumie gesi, na maikrowevu ikiwaka kiyoyozi kinanyamaza. Na waya wa kuongezea uwe mnene. Tulianza na mwembamba wa kuchomekea taa za sikukuu, nikaushika ukawa moto kama kikombe cha chai. Usifanye hivyo, utachoma nyumba mbili kwa mpigo.

Kiyoyozi chenyewe kinanguruma kama kinu cha kusaga unga. Lakini Mei ya Texas, jua la saa nane limepiga kwenye paa lile jembamba, utakiombea dua kisizimike.

Halafu maji. Kuna matangi matatu: la maji safi, la maji ya sinki na bafu, na la choo. Maji ya moto ni galoni 6, kama lita 23. Wazungu wana mafunzo chungu nzima ya namna ya kuoga kwa kujibania: jiloweshe, funga bomba, jipake sabuni, fungua, jisuuze. Mimi nimekulia Mombasa, Majengo, kwa ndoo na kata. Nikanunua ndoo. Lita nane zilinitosha kichwa hadi unyayo, na nilikuwa naoga mara mbili kwa siku za kazi, moja nje nyuma ya pazia la turubai kabla sijakanyaga ndani.

Tangi la choo linataka aya yake. Nyumba nyingi za huku zina mfuniko wa bomba la maji taka kwenye bustani ya mbele, na mzee alituachia tangi dogo la magurudumu la kuhamishia. Kosa langu lilikuwa kuacha vali wazi, nikiona ndiyo usafi, kitoke kinapoingia. Maji yakawa yanatoka na vingine vinabaki, vikajenga kichuguu chini ya tundu. Sikuelewa mpaka harufu iliponieleza. Vali hufungwa, unatia maji mengi, unasubiri lijae, ndipo unalifungua lote kwa kishindo. Nilishinda Jumamosi nzima na mpira wa maji, glovu za kazini na maji ya moto ya birika, na niliyaona mengi wodini lakini siku ile nilitapika. Taa za kupimia matangi usiziamini. Langu lilisema theluthi mbili asubuhi, theluthi mbili jioni, na theluthi mbili baada ya kulimwaga.

Sasa dirisha. Mzee alipolisimamisha trela, bila ya kukusudia, dirisha la meza lilikabiliana na dirisha la jikoni kwetu, na kati yao pana hatua nne. Zamu ilikuwa inaisha saa moja asubuhi. Nikishaoga nampigia mamangu. Saa mbili asubuhi ya Dallas ni saa kumi jioni Mombasa, na yeye kafyu yake ilianza saa moja usiku, kwa hivyo alikuwa anarudi sokoni mbio, anahema, ananisimulia nani kakamatwa nje baada ya saa. Tangu Aprili 8 Mombasa ilikuwa haitoki mtu wala kuingia. Tukawa tunachekana: yeye kafungiwa mji mzima, mimi nimefungiwa futi 21. Nikimaliza na yeye, wanangu wanakuwa wameshaamka na dama iko tayari.

Dama yetu ilikuwa mbao mbili za boksi la katoni, moja yao, moja yangu, na vifuniko vya soda. Tulizipa nyumba namba. Kijana wangu, miaka tisa, anapiga simu anasema "kumi na nne kwenda kumi na nane," mimi nasogeza kwangu, natamka langu, yeye anasogeza kwake. Dadake wa miaka sita alikuwa mwamuzi. Asubuhi moja niliinuka kuzima jiko, niliporudi nikagundua kwa ubao wangu nina kete saba na kwa wake nina tano. Nikamwambia anyanyue ubao wake nione dirishani. Akaunyanyua kwa kuuinamisha, kete zote zikamwagika sakafuni, akasema basi tuanze upya. Nilicheka peke yangu humo ndani hadi jirani akapunguza mwendo wa mbwa wake.

Nilijaribu pia kushona kofia ya viua, kofia za kwetu za mkono, nikamwahidi mume wangu ataivaa Idi. Bibi yangu alikuwa hodari, mimi nilijifunza kidogo utotoni nikaacha. Ni kazi ya tundu moja moja, unalizungushia uzi mpaka liwe jicho, na kofia moja ina mamia. Nilidhani trela ndiyo pahala pake, utulivu mtupu. Lakini trela linatikisika. Upepo ukivuma, lori la taka likipita, hata mimi mwenyewe nikipumua vibaya, sindano inaingia kidoleni. Wiki mbili nzima nilishona hivyo, mpaka mzee alipopiga simu kuuliza hali, nikamlalamikia, akauliza jeki za pembeni zimeshushwa? Hazikushushwa. Alisahau yeye, na mimi sikujua zipo. Ziko nne, chini ya pembe za trela, zinazungushwa kwa mkono. Baada ya hapo ikawa kama sakafu ya nyumba. Ukikodi, liulize hilo kabla ya kutoa hela.

Ramadhani iliingia Aprili 24. Siku za zamu nilifuturu kazini kwa tende na maji, barakoa imeshushwa dakika tano. Siku za mapumziko nilipika. Pleti mbili zinatosha uji na mihogo ya nazi, hilo nalisifu, moto wa gesi ni mzuri na unapanda haraka. Kaimati ndizo zilizonitia aibu. Kengele ya moshi iko darini, na dari iko inchi chache juu ya kichwa changu. Donge la tatu tu limegusa mafuta, kengele ikaanza kulia. Nikapepea kwa kanga, wapi. Nikafungua mlango, moshi mwembamba ukatoka, na mama wa ng'ambo ya barabara akawa amesimama na simu mkononi anauliza kama apige 911, simu ya dharura ya huku. Nikamnyanyulia bakuli la kaimati kama kielelezo mahakamani. Kuanzia siku ile nilikaanga nje, kwenye jiko la kambi, na yeye nikamwachia sahani mlangoni kwake. Kaenda kuuliza zinaitwaje, mpaka leo anaziita "kamati".

Lililonitisha kweli ni ving'ora vya kimbunga. Machipuko ya Texas yana tornado, na trela ni pahali pabaya kuliko pote pa kukutwa nayo, upepo hulibeba kama boksi. Usiku mmoja wa Aprili nilikuwa mapumzikoni, ving'ora vikalia. Simu ya mume wangu ikaita: ingia ndani. Nikavaa N95, nikapita gerejini, nikawakuta wote wamejibana kwenye kabati la chini ya ngazi, mavyaa ameketi juu ya sufuria ya biriani iliyofunikwa. Mimi nikakaa nje ya mlango wa kabati, sakafuni, nimewapa mgongo. Dakika arobaini. Binti yangu alipitisha mguu kwenye uwazi wa mlango akanigusa kiunoni kwa kidole gumba, na hakuna aliyemkataza. Kimbunga hakikufika kwetu. Nilirudi trelani nikahesabu siku kumi na nne kwenye kalenda, nikamshika mavyaa kila asubuhi kwa simu: umekohoa? Hakukohoa. Alikuwa akinijibu kwamba ataanza kukohoa makusudi nikizidi kumuuliza.

Mengineyo kwa ufupi. Chama cha wakazi wa mtaa kilileta barua kwamba trela haliruhusiwi kuegeshwa mbele ya nyumba, mume wangu akawajibu kwa picha yangu nikiwa kwenye mavazi ya wodi, hawakuandika tena. Godoro ni jembamba, nunua la sponji uweke juu. Friji ya gesi inachoka kukiwa na joto kali, maziwa yangu yaliharibika mara mbili. Mtandao wa nyumba ulifika vizuri.

Je, ningelipendekeza? Kwa mtu mmoja anayetaka kujitenga lakini awaone wake, ndiyo, kuliko hoteli mara kumi. Kwa familia ya watu wanne kwenye futi 21, hapana, mtagombana kabla tangi halijajaa. Na kama unaegesha nyumbani, kabla ya kuuliza habari za kiyoyozi wala televisheni, angalia dirisha la meza litatazama wapi, kwa sababu likishasimama na kusawazishwa hakuna atakayekubali kuligeuza.

Kofia haikuwahi Idi. Iko kwenye droo, imebaki nusu.

Mzee alikuja kulichukua Jumapili, tumelisugua siku mbili. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za pleti iliyopauka na alama za kalamu za watoto kwenye kioo. Hakutazama hata kimoja. Aliuliza kama tangi la choo ni safi. Nikampa tochi, nikamwambia afungue mwenyewe aone.