Grass-Cast: inajua nyasi zitakuwa kiasi gani, haijui lini ufungue geti

Grass-Cast ni huduma ya bure ya mtandaoni inayotabiri wingi wa nyasi kwenye mbuga za asili za Marekani, kuanzia Montana na Dakota kushuka hadi Texas, pamoja na Arizona na New Mexico. Ilianza 2018, na Idara ya Kilimo ya nchi hiyo inaiendesha pamoja na vyuo vikuu. Tangu nyasi zianze kuchipua hadi kiangazi, ramani husasishwa kila baada ya wiki mbili. Kila mraba, takriban maili 6 kwa 6, unaonyesha mavuno ya nyasi yatazidi au yatapungua kwa asilimia ngapi kulinganisha na wastani wa miaka zaidi ya 30.

Unapewa ramani tatu: mvua ikizidi, ikiwa ya kawaida, ikipungua. Wengi hutazama ile ya katikati na kufunga ukurasa. Ni kosa, maana jambo la kusoma ni jinsi ramani hizo zinavyoachana. Mwezi Mei huachana sana, kwa kuwa mvua inayokuza nyasi haijanyesha. Kadiri kiangazi kinavyosogea, hukaribiana. Zote tatu zikionyesha upungufu katikati ya Juni, usingoje ya Julai ili kupunguza mifugo. Kwenye mbuga za kaskazini sehemu kubwa ya ukuaji huwa imekwisha kufikia mwanzo wa Julai.

Kwa hesabu ya idadi ya ng'ombe, huduma hii ni nzuri kweli. Chukua padoki (kipande cha malisho kilichozungushiwa uzio) ya ekari 640 ambayo kwa kawaida hutoa paundi 1,600 za nyasi kavu kwa ekari. Ramani ikisema pungufu ya asilimia 20, unabaki na 1,280. Robo tu ndiyo ihesabiwe kuwa ya ng'ombe: nusu inabaki kulinda mmea na udongo, na robo nyingine hukanyagwa, huchafuliwa au huliwa na wadudu. Hiyo ni paundi 320 kwa ekari, jumla 204,800. Ng'ombe wa paundi 1,200 mwenye ndama huhesabiwa kula paundi 1,100 hivi za nyasi kwa mwezi. Kwa msimu wa miezi minne na nusu, padoki inabeba ng'ombe 41. Mwaka wa kawaida ingebeba 52 hivi. Ila kama ule wastani wa 1,600 umeukisia tu, asilimia 20 yake ni makisio juu ya makisio. Ili uujue wa kwako, kata nyasi, kausha, pima, na ufanye hivyo kwa miaka kadhaa.

Udhaifu wake uko kwenye tarehe ya kuingiza ng'ombe malishoni. Ramani haitofautishi nyasi za asili zinazokua kwenye ubaridi, kama western wheatgrass, na zile zinazosubiri joto, kama blue grama na big bluestem. Paundi ni zile zile, lakini za kwanza huiva Juni na za pili hushika kasi Julai. Kentucky bluegrass na smooth brome, nyasi za kigeni zinazovamia prairi (mbuga za nyasi za asili), nazo zinaingia humo humo kwenye asilimia. Wala mraba haujui kama padoki yako ililishwa hadi ardhini mwaka jana.

Siku ya kufungua geti itafute kwenye shina. Huko North Dakota, nyasi za asili zinazopenda ubaridi husubiriwa hadi majani matatu na nusu: hesabu jani kuwa kamili pale shingo yake, yaani sehemu jani linapoungana na shina, inapoonekana. Mara nyingi hufika hapo mwishoni mwa Mei au mwanzo wa Juni. Baada ya ukame au baridi ndefu, huchelewa. Ukiingiza ng'ombe mapema, mmea unanyang'anywa majani wakati bado unatumia akiba ya mizizi, na mavuno ya msimu mzima hushuka. Mwenye shamba la crested wheatgrass, nyasi za kigeni zinazowahi kukua, aanzie huko mapema Mei, prairi ikisubiri. Na padoki iliyofunguliwa kwanza mwaka huu isiwe ya kwanza tena mwakani.

Flint Hills, vilima vya malisho huko Kansas, ni habari nyingine. Wengine huko huingiza maksai mara mbili ya idadi ya kawaida karibu na 1 Mei na kuwatoa wote ifikapo 15 Julai, big bluestem zikabaki kuchipua na kurudisha akiba kabla ya baridi. Kwa mfumo huo utabiri wa Mei hausaidii sana, kwani ng'ombe wanapaswa kununuliwa wakati ramani tatu bado zinabishana.

Nyota nne kati ya tano kwa idadi ya mifugo, moja kwa tarehe. Laikipia, Kongwa na Ankole hazimo kwenye ramani. Kinachoweza kuchukuliwa ni ile hesabu ya robo, kwa vipimo vya nyasi za kwenu.