Telekonveta ya kununua kwa picha za wanyama: ipi kwanza, ipi uiache dukani

Seronera, katikati ya Serengeti, gari haliruhusiwi kuacha barabara. Chui akiamua kulala kwenye tawi mita mia moja kutoka njiani, hakuna kumsogelea, na kwa lenzi ya milimita 400 anabaki kidogo mno ndani ya fremu. Safari ya namna hiyo ndiyo huwafanya wengi waanze kuulizia telekonveta, kile kipande kifupi cha vioo kinachokaa kati ya kamera na lenzi. Ya 1.4x inaigeuza 400 kuwa 560. Ya 2x inaifikisha 800. Za Canon, Nikon na Sony zikiwa mpya huuzwa kwa dola mia kadhaa za Marekani, wakati lenzi kubwa yenye urefu huo inaweza kufika maelfu mengi.

Ila kuna malipo mengine yasiyoandikwa kwenye boksi, nayo ni mwanga. 1.4x inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga; 2x inakula mbili, inabaki robo. Chukua asubuhi ya mapema: unapiga kwa f/4 (tundu la mwanga la lenzi; namba ikipanda, mwanga unapungua), shata 1/2000 ya sekunde, ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda, picha inakuwa na chengachenga). Ukifunga 1.4x unakuwa f/5.6, na ili shata ibaki palepale ISO inapanda hadi 1600. Ukifunga 2x ni f/8 na ISO 3200. Simba na chui wanatembea saa hizohizo ambazo mwanga ni haba, kwa hiyo kabla ya kuulizia bei soma namba ya f iliyoandikwa kwenye lenzi yako. Mpangilio wangu wote umesimama juu ya namba hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa 1.4x ya kampuni ileile iliyotengeneza lenzi, ikifungwa kwenye lenzi ya f/2.8 au f/4. Ukali wa picha unapungua kidogo sana na fokasi bado ni ya haraka. Tena ina faida ambayo wauzaji wengi hawaitaji: umbali wa karibu kabisa ambao lenzi inaweza kufokasi haubadiliki. Lenzi iliyokuwa inafokasi mita moja na nusu inaendelea kufokasi mita moja na nusu, ila kinyonga wa Usambara sasa anaonekana mkubwa mara 1.4. Kwa ndege wadogo, vipepeo na vinyonga, hiki ni kifaa cha thamani kweli.

Ya pili ni kutonunua telekonveta kabisa, ukaweka pesa kwenye zumu ndefu. Kama unachomiliki ni 70-300 au 100-400 yenye f/5.6 na kuendelea, usihangaike kuirefusha. Nikon Z 180-600, Sony 200-600 na Canon RF 200-800 zimetengenezwa kwa kazi hii. Ni ghali kuliko telekonveta, ndiyo, lakini utaitumia kila siku ya safari.

Ya tatu haina gharama: kukata picha kwenye kompyuta. Kamera ya megapikseli 45 ukiikata kwa kiwango cha 1.4x inakuachia kama 23. Ya 24 inakuachia 12, na hizo zinatosha kuchapa karatasi ya A4. Mwenye zumu ya f/6.3 namshauri ajaribu hili kwanza, kwa sababu 1.4x itampeleka f/9, na alfajiri ya mawingu f/9 ni giza.

2x naiweka ya nne, na kwa mtu mmoja tu: mwenye 70-200 ya f/2.8 anayesafiri na mzigo mdogo. Ndege ndogo za kwenda mbugani nyingi huruhusu kilo 15 kwa abiria, na 2x kwenye lenzi hiyo inakupa 140-400 ya f/5.6 bila kubeba lenzi ya pili. Kwenye zumu ya f/6.3 inakuwa f/13. Kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi zinaweza kufokasi hapo, lakini DSLR nyingi, yaani zile zenye kioo hicho, zinakwama baada ya f/5.6 au f/8. Saa sita mchana, mazigazi yanapocheza juu ya nyasi, picha itakosa ukali tu hata uwe na kifaa gani. Kurefusha lenzi ni kuyakuza mazigazi yenyewe.

Mwisho kabisa ni za bei rahisi zisizo na jina. Ziache.

Sasa jambo linalowaumiza wanunuzi: si kila lenzi inapokea telekonveta, hata ya kampuni yake. Kioo cha mbele cha telekonveta nyingi kimechomoza na kinaingia ndani ya lenzi, hivyo lazima kipate nafasi humo. Canon RF 70-200 f/2.8 ya 2019 haiipokei. Toleo jipya la lenzi hiyohiyo, la 2024 lenye herufi Z, linaipokea. RF 100-500 inaipokea, lakini kuanzia 300 kwenda mbele tu. Tembo akija hadi ubavuni mwa gari, huwezi kurudisha zumu hadi 100 mpaka uitoe telekonveta, na vumbi lote lile linasubiri mlangoni. Lenzi za Sigma na Tamron zilizotengenezwa kwa kamera za Sony hazipokei telekonveta ya Sony.

Ukinunua iliyotumika, hasa Dar, Mombasa au Zanzibar, ielekeze kwenye taa na utafute nyuzinyuzi za fangasi kwenye vioo. Unyevu wa pwani hauna huruma. Angalia pini za umeme kama zimelika. Kisha nenda na kamera na lenzi yako mwenyewe, simama mlangoni mwa duka, upige kibao chenye maandishi madogo ng'ambo ya barabara, mara moja bila telekonveta na mara moja nayo. Ile ya kwanza ikate hadi ilingane na ya pili, uzikuze zote mbili kwenye skrini. Kama herufi zinasomeka sawa, mrudishie muuzaji kifaa chake.