Kitabu gani cha RPG ununue kwanza, kuanzia rahisi hadi kile cha watu wa Excel

Kama wewe na mabeste mnataka kuanza meza ya RPG hapa Nairobi, ule mchezo wa kuigiza wahusika mkisimulia hadithi pamoja, ile ya dadu na karatasi si ya simu, tafadhali msianze kwa kuagiza vile vitabu vitatu vya Dungeons & Dragons. Kila kimoja ni kama dola 50 huko Marekani, hapo bado hujalipa usafiri na ushuru, na mkiwa watano mezani anayesoma yote huwa ni mmoja tu, yule masta anayeongoza hadithi na kuamua sheria. Wengine wanakuja na soda.

Kwa hivyo hapa sijapanga kwa umaarufu. Nimeangalia kitu kimoja, mzigo wa sheria unabebwa na nani. Maana hii mambo ya sheria nyingi au chache hupanda na kushuka. D&D ilitoka 1974 ikazidi kunenepa, toleo la tatu la 2000 lilikuwa na jumlisha mbili hapa toa moja pale mpaka mtu anasahau alikuwa anampiga nani, la nne likaja 2008 watu wakagawanyika, kampuni ya Paizo wakatoa Pathfinder 2009 kwa wale waliotaka uzito wao wa zamani. 2014 toleo la tano likarahisisha, ukiwa na nafasi nzuri unarusha dadu ya pande 20 mara mbili unachukua kubwa, basi. Siku hizi kuna wengine hata hiyo wanaona ni nyingi.

1. Cairn. Ni ya Yochai Gal, 2020, PDF ni bure na leseni inakuruhusu kunakili, ni kijitabu chembamba, unaenda cyber wanakuprintia kopi mbili tatu na mko sawa. Mhusika ni dakika chache: dadu tatu za kawaida kwa nguvu, tatu kwa wepesi, tatu kwa utashi. Una nafasi 10 za kubebea vitu na ukizijaza zote ulinzi wako unashuka hadi sifuri, so watu wanaanza kubishana nani abebe kamba. Lakini mimi naipendea vita. Hakuna kurusha kuona kama umelenga, kila pigo linaingia. Sema Kevo ana upanga, amerusha 7, jambazi hana deraya na ulinzi wake ni 4, zile 3 zilizobaki zinakula nguvu zake halafu jambazi anarusha kuona kama bado anaweza kupigana. Zamu imeisha. Ubaya wake, hakuna level za kupanda, mtu anayetaka kulea shujaa wake miezi sita atachoka, na sheria zikiwa chache masta ndiye anaamua mengi, kama wenu ni mtu wa kubishana mtabishana.

2. D&D toleo la tano, lakini ya bure kwanza. Januari 2023, baada ya wachezaji kupiga kelele kuhusu leseni, Wizards of the Coast, wenye mchezo, waliweka sheria za msingi chini ya Creative Commons, leseni inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia, hiyo PDF inatosha kabisa kuanzia. Mkinogewa, nunueni Player's Handbook, kile kitabu cha wachezaji, moja ya meza nzima, ya 2024 kama mnanunua sasa. Mzigo mwingi hapa ni wa masta. Na mgeni mpeni mpiganaji, si mchawi, vile vitu vya uchawi ni kusoma kama mtu anajiandaa KCSE.

3. Call of Cthulhu. Hii ni ya kutisha na upelelezi, kampuni ya Chaosium wako nayo tangu 1981. Ujuzi wako ni asilimia, una 45, unarusha dadu za kutoa 1 hadi 100, ukipata 45 kushuka chini umepita, hakuna Mkenya wa kuelezwa hiyo mara mbili. Sheria za kuanzia ni bure kwa tovuti yao. Visa vingi ni vya Marekani ya miaka ya 1920, ila hakuna anayekuzuia kuileta Nairobi ya wakati huo, reli, Biashara Street ikiitwa Indian Bazaar, na mhusika wako anasimamishwa na askari usiku kipande, kile kitambulisho cha ukoloni, kikiwa shingoni, hapo bado hata zimwi halijatokea.

4. Pathfinder toleo la pili, 2019. Nzito, na si kasoro. Kila zamu una vitendo vitatu, ukizidi namba inayotakiwa kwa 10 pigo linakuwa kali zaidi, kwa hivyo kila +1 ina maana. Tatizo ni kwamba kila mchezaji lazima ajue sheria za mhusika wake mwenyewe. Mbogi ya watu wa Excel wataipenda kuliko zote hapo juu. Sheria zote ziko kwa tovuti ya Archives of Nethys bure na kihalali, msinunue kitu kabla ya kuzijaribu.

GURPS, RPG nyingine nzito, siipangi, kutengeneza mhusika tu jioni imeisha.

Kama uko peke yako, chukua Ironsworn, PDF bure, inachezeka bila masta. Na siku stima imepotea kuna Lasers & Feelings, ukurasa mmoja na dadu za ludo.

Hizo zingine zinataka dadu za pande nyingi. Mkisubiri seti ifike, andika roll d20 kwa Google inakurushia. Seti moja ya dadu saba inatosha kuanza, ya pili nunueni mkianza kunyang'anyana ile ya pande 20.