Tahadhari kwa wavuvi wa wikendi Nairobi: geuza kisanduku uone kitako kabla hujalipa

Wenzangu mnaotoka Nairobi Jumamosi alfajiri kwenda Naivasha au Masinga, kuna muuzaji wa vifaa vya kuvulia anayezunguka mitandaoni, na ameshanila mimi. Jina la ukurasa wake silitaji. Hata nikilitaja halitawafaa, maana tangu nimjue amelibadilisha mara mbili.

Aliniuzia visanduku viwili vya kupangia ndoano, suiveli (viungo vya kuzuia mshipi usijisokote), chubwi za kuzamishia mshipi na chambo za mpira, vile vyenye vyumba vidogo vidogo na vigawanyo vya kuhamisha. Shilingi 2,400, na 300 za mtu wa boda. Kwenye video kisanduku kinamwagiwa maji, kinaangushwa sakafuni, kifuniko kinakunjwa hadi nyuma, na hakipati hata mkwaruzo. Kilicholetwa kilifanana na kile cha video kwa rangi, kwa ukubwa, hata kwa idadi ya vyumba. Nilikaa sebuleni jioni nzima nikipanga mali yangu, mtoto akiniuliza kama nafungua duka.

Ujanja wake uko hapo. Ubaya wa kisanduku hiki hauonekani siku ya kwanza. Anakupa siku saba za kurudisha mzigo, naye anajua vizuri kwamba siku saba hazitoshi.

Wiki ya tatu nilikifungua kando ya ziwa nikakuta minyoo yangu ya mpira imeyeyuka na kugandana. Mweusi umemwaga rangi kwa wa waridi, na sakafu ya kisanduku yenyewe imelainika, inanata kama peremende iliyotemwa. Nilidhani ni jua la kwenye buti la gari. Siyo. Minyoo ile hutengenezwa kwa plastiki ya PVC iliyochanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo yakigusa plastiki inayoitwa polistirini huanza kuila. Kisanduku cha polipropilini kingekaa nayo bila taabu. Vya kwenye video, kwa jinsi vilivyokuwa vikikunjika, ni vya polipropilini. Nilivyoletewa ni vya polistirini.

Kwa hiyo geuza kisanduku. Kwenye kitako tafuta pembetatu ya mishale yenye namba ndani: 5 ni polipropilini, 6 ni polistirini. Vyangu vyote viwili vina 6, ndogo kama chembe ya mtama, na ilikuwepo tangu siku ile nilipomwambia mtu wa boda ahsante akaenda zake. Ukikosa namba, gonga kwa ukucha. Polistirini hulia kwa ukali kama glasi, na mara nyingi inang'aa kama kioo. Polipropilini sauti yake ni ya kuzibika, mwili wake una ukungu kidogo, na ukiuminya ukingo unapinda badala ya kutishia kupasuka. Hata bawaba itakuambia: ile ya polipropilini ni plastiki ileile iliyofanywa nyembamba, unaikunja miaka. Yangu ilikatika tak! safari ya pili.

Vigawanyo navyo havifiki chini. Ndoano namba 14 zilipita kwa chini zikahamia kwa namba 8. Kwa mgeni wa mambo haya: namba ikipanda ndoano inapungua, ikishuka inakua, mpaka ufike 1, halafu zinaanza 1/0, 2/0, na hapo namba ikipanda ndoano nayo inakua. Sasa jaribu kuzichambua saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

"Haipitishi maji" pia ni uongo, kifuniko hakina hata mpira wa kuziba. Ila kwa kutu nitakuwa mkweli: nilirudisha ndoano moja ikiwa mbichi, nayo ikaambukiza wenzake chumba kizima. Hilo simbebeshi yeye.

Nilipomtumia picha alijibu kwamba siku saba zimepita. Nikasisitiza, akasema lazima niliweka petroli. Petroli, kwenye kisanduku cha ndoano! Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa. Akanizuia.

Dalili zilikuwepo, nikazipita. Malipo yalikwenda kwa namba ya mtu binafsi badala ya till, yaani namba ya malipo ya biashara, na jina lililotokea kwenye M-Pesa kabla sijathibitisha halikuwa la ukurasa wala la mtu niliyekuwa nikiongea naye. Aliniambia ni "mhasibu". Na kwenye video, ukutani, kuna soketi ya mashimo mawili ya duara. Yetu sisi ina matatu ya mstatili. Video hiyo haikupigwa kwenye duka lolote la Tom Mboya, kama alivyodai.

Ukitaka kununua mtandaoni, mwambie akupigie picha ya kitako, karatasi yenye tarehe ya leo ikiwa pembeni. Lipa mzigo ukiwa mkononi, umeshaugeuza, na mtu wa boda bado amesimama mlangoni. Muuzaji anayekataa hayo mawili, achana naye.

Mimi nimehamia vyombo vya chakula vyenye namba 5, nilivyochagua mwenyewe Kamukunji nikivigeuza kimoja kimoja huku mwenye duka akinitazama kama mwendawazimu. Minyoo inabaki kwenye pakiti zake. Ndoano za ukubwa uleule nazitunga pamoja kwenye pini ya nepi, na kila chombo kina kipakiti cha silika, ile ya kunyonya unyevu, kutoka kwenye boksi la viatu. Kile kisanduku ambacho hakijapasuka mke wangu amekitia vifungo vya cherehani. Vifungo havijalalamika.