TAHADHARI wapenda raba wa Dodoma: hizo "retro za stoo" za laki na nusu ni kanyaboya

Wakuu, salaam. Kuna jamaa anauza raba mtandaoni, anajitangaza kwamba yuko Area D hapahapa Dodoma, na mzigo wake anauita "retro za stoo" (retro ni raba ya zamani iliyotengenezwa upya). Kama umeshaanza kuchati naye, simamisha kwanza hiyo hela. Kazi yangu ni kuosha na kutengeneza raba, niko Majengo, na viatu vya huyu bwana vimeanza kuletwa mezani kwangu na watu waliokwisha kulizwa. Kuna mwanafunzi wa UDOM, kuna dada anayefanya kazi kule Mji wa Serikali, Mtumba, na juzi kaja mzee mmoja aliyemnunulia mwanawe zawadi ya kumaliza kidato cha sita. Huyo mzee ndiye aliyenifanya niandike.

Jina la ukurasa na namba ya simu siviweki hapa. Ukurasa ameshaubadilisha jina, na laini za namna hii mara nyingi zinasajiliwa kwa jina la mtu mwingine kabisa. Sitaki tumchafue bibi wa watu kule Kongwa asiyejua hata raba ni nini. Shika tabia zake, utamtambua.

Anaweka picha kali za Jordan 1, Jordan 3 na Jordan 4 za Nike, na Samba ya Adidas. Bei ni laki na nusu, na kila siku ni "pea mbili za mwisho". Anataka nusu ya hela kwanza kwa simu, nusu nyingine ukipokea kwa bodaboda, na boda ameambiwa boksi halifunguliwi mpaka umalizie. Ukimwambia mkutane Nyerere Square, yuko safarini Dar. Ukimwambia basi Jumamosi mnadani Msalato, amefiwa. Picha zenyewe kaziokota kwa watu: kuna moja, nyuma ya kiatu kuna dirisha, na nje ya dirisha kuna theluji. Theluji, Area D!

Mpaka hapo ni utapeli tuliouzoea. Ujanja wake uko kwenye utetezi. Mteja akilalamika kwamba soli ina unjano, ngozi imepasukapasuka, kifuniko cha boksi hakifanani na boksi lenyewe, anamjibu bila wasiwasi: "Boss, hiyo ndiyo retro. Imetengenezwa ionekane ya zamani." Na mteja ananywea, kwa sababu retro za hivyo kweli zipo.

Mwishoni mwa 2022 ilitoka Jordan 1 ya rangi za Chicago, ile nyekundu, nyeupe na nyeusi, ikapewa jina la Lost and Found. Waliitengeneza kana kwamba ni pea iliyosahaulika stoo ya duka tangu 1985, mwaka ambao Jordan 1 iliingia sokoni. Ngozi nyeusi ya shingoni ina mipasuko ya makusudi, soli imetiwa rangi ya krimu badala ya nyeupe, kifuniko cha boksi ni cha rangi nyingine, na ndani kuna karatasi inayoiga risiti ya kuandikwa kwa mkono. Bei yake dukani Marekani ilikuwa dola 180, yaani zaidi ya laki nne za kwetu, kabla hata haijapanda meli. Sasa jiulize huyu wa laki na nusu anapata wapi faida.

Na siwalaumu mnaozipenda, mimi mwenyewe ni mgonjwa wa hivi viatu. Jordan 1 aliyoichora Peter Moore, mbunifu wa Nike, haina mbwembwe: vipande vichache vya ngozi, kila kipande na rangi yake, ukiiona ng'ambo ya barabara unaijua. Jordan 3 ya 1988 ni kazi ya mbunifu mwingine wa Nike, Tinker Hatfield, na hiyo kwangu ndiyo mfalme. Ana michirizi ya kijivu mbele na nyuma inayofanana na ngozi ya tembo, na kisigino kina kidirisha unachoonea kifuko cha hewa kilicho ndani ya soli. Wazo la kidirisha Hatfield alianza nalo kwenye raba nyingine ya Nike, Air Max 1 ya 1987, baada ya kuliona jengo la Centre Pompidou kule Paris ambalo mabomba yake yako nje badala ya kufichwa ukutani. Samba nayo, na soli yake ya rangi ya ulimbo, asili yake ni kiatu cha kuchezea mpira wa miguu kwenye viwanja vilivyoganda barafu, lakini hakuna soli inayovumilia vumbi la Dodoma kama ile. Nyeupe utaosha kila siku. (Sisemi mwache kununua nyeupe, mimi nitakula nini.)

Watu wanaupenda ule unjano wa soli kwa sababu unaonyesha kwamba kiatu kimepitia maisha. Zamani ulikuja wenyewe, kwa miaka. Leo kiwanda kinauchanganya kwenye soli tangu mwanzo. Tapeli wetu yeye anapaka.

Ile pea ya zawadi niliipitisha pamba yenye spiriti pembeni mwa soli, mara moja tu, pamba ikarudi na rangi ya chai ya rangi, na chini yake soli nyeupe pe, ya plastiki ngumu. Unjano wa kiwandani haufutiki hivyo, umo ndani ya soli yenyewe. Nikageukia mipasuko. Kwenye Lost and Found halisi iko shingoni tu. Hii ilikuwa imepasuka hadi kwenye vidole, na ukikwangua kwa ukucha linabanduka gamba jembamba kama la kitunguu, chini ni kitambaa cheupe. Hapo hakuna ngozi. Halafu nikavuta ulimi nisome lebo ya ndani: imeandikwa DZ5485-612. Hiyo ni namba ya Lost and Found, ambayo ni Jordan 1. Kiatu nilichoshika ni Jordan 4! Mzee aliniuliza kama ninaweza kukitengeneza. Nilimwambia gundi ninayo, kiatu ndicho hakipo.

Namba ya kwenye lebo ya ndani lazima ilingane na ya kwenye boksi, na ukiitafuta mtandaoni ilete kiatu hichohicho na rangi hiyohiyo. Isipolingana, achana nacho. Ikilingana bado usishangilie, maana wanaonakili kiatu wananakili na lebo.

Uongo wake mwingine ni huu: anadai Jordan 4 zake ni "za mwaka 89 zenyewe, hazijavaliwa". Mkuu, pea ya 1989 ambayo haijavaliwa huwezi kutoka nayo hata mpaka stendi ya Nanenane. Ile sponji ngumu ya katikati ya soli huliwa na unyevu wa hewani hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Inakauka, inapasuka, mwisho inamomonyoka kama udongo mkavu ukiikanyaga. Ndiyo maana retro zinatengenezwa upya. Mwenye pea halisi ya mwaka huo anaiweka kabatini aitazame, haiuzi kwa laki na nusu kupitia boda.

Mwenye hela ndogo na mapenzi makubwa, nenda kwenye mitumba, Sabasaba au hapa Majengo, alfajiri balo linapofunguliwa. Nimeosha raba orijino nyingi tu zilizotoka huko. Unashika, unakunja, unanusa gundi, unabishana bei na mtu unayemwona uso. Na ukitaka kopi, nunua kopi kwa bei ya kopi, hakuna atakayekucheka.

Waliokwisha tuma hela: piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, waombe wazuie muamala kabla hajatoa. Namba iliyokutapeli itume 15040, ndiyo ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli. Kisha nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, ukiwa na picha za chati, ujumbe wa muamala na boksi lenyewe. Msifute chati kwa hasira, yule dada wa Mtumba alifuta zote na sasa amebaki na kiatu tu mkononi. Mwenye pea ya huyu jamaa apite Majengo nimwangalizie, hiyo silipishi.